Barua Arobaini na Moja za K4

Mahali pa nyumba yake palikuwa na kipande cha sponji kilichopakwa rangi ya kijani.

Bi Posta alisogea, akavaa miwani, akasogea tena. Meza ilikuwa kubwa kama kitanda cha watu wanne, na juu yake chuo kikuu kizima kilikuwa kimetengenezwa kwa kadibodi. Maktaba ilikuwa na madirisha yake yote, na jengo la utawala lilikuwa na ngazi zake ambazo magoti yake yalizijua moja moja. Nyuma ya maktaba palikuwa na uzio wa waya mwembamba. Nyuma ya uzio, pale ambapo asubuhi ile ile alifunga mlango wake na kuuvuta mara mbili kuhakikisha, palikuwa na sponji.

"Karibu, mama. Usiguse tu, gundi bado mbichi," alisema mchoraji wa Ofisi ya Mipango, mwanamume wa makamo ambaye vidole vyake vilikuwa vimegandamana kwa gundi.

"Nimeleta bahasha yenu, mwanangu. Hebu niambie, hapa nyuma ya uzio ni nini?"

"Hiyo ndiyo Kampasi ya Tano! Kituo cha Utafiti wa Maji na Nishati. Maabara kumi na mbili, kumbi tatu za mihadhara, na hapa bustani ya kupumzikia wanafunzi."

"Lakini hapo pana mtaa."

"Palikuwa na mtaa," mchoraji alisema, akibandika mti mdogo. Kisha akacheka. "Yaani patakuwa palikuwa. Baraza la Chuo linapitisha Alhamisi."

"Na watu wa hapo?"

"Waliandikiwa tangu mwezi wa tatu, mama. Kila nyumba barua yake. Sheria inawapa siku tisini za kupinga, na hakupinga hata mmoja. Sisi wenyewe tulishangaa. Watu wastaarabu kweli."

Bi Posta aliishika pembe ya meza. "Mimi nakaa hapo. Sikupata barua."

Mchoraji aliacha mti wake. Alimtazama, akaitazama sponji, akamtazama tena kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Basi aliyezipeleka kazipoteza huyo," alisema. "Zilitoka hapa kwa tarishi."

Tarishi wa chuo alikuwa yeye. Hakukuwa na mwingine.

* * *

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Jina la Bi Posta lilikuwa limekwisha kulimeza jina lake halisi, hata kwenye orodha ya zamu waliandika hivyo. Mtu aliyetaka kujua chuo kile cha umma kimekua kiasi gani hakuwa na haja ya kusoma kile kitabu cha picha wanachogawiwa wageni. Angeuliza habari za mkoba wake tu.

Alipoajiriwa, mkoba ulikuwa wa kitambaa, wa kubana kwapani, na chuo kilikuwa jengo moja la ghorofa mbili juu ya kilima lenye wanafunzi mia mbili na kumi. Barua ya mkuu wa chuo kwenda kwa mkutubi ilishuka ngazi moja, ikafika. Halafu wakajenga shule ya utabibu nyuma ya hospitali, kikawa na kampasi ya pili, naye akapewa mkoba wa ngozi. Wakapata mashamba upande wa mtoni, ng'ombe wakavishwa hereni zenye namba, na kila mche ukasimamishiwa kibao chake kama mwanafunzi na kitambulisho. Hiyo ikawa ya tatu, naye akapewa baiskeli. Mwisho wakanunua kiwanda cha viatu kilichofilisika, wakatoa mashine, wakaingiza wahandisi. Ikawa ya nne, na baiskeli ikaongezewa kikapu nyuma. Sasa wanafunzi walikuwa elfu ishirini na tisa, na kulikuwa na watu wazima wenye digrii tatu ambao kazi yao ilikuwa kumchunguza mbu kutoka asubuhi hadi jioni. Bi Posta hakuwacheka. Yeye aliishia darasa la saba, na kila alipopita chini ya madirisha ya maabara alimwomba Mungu awafungulie wanachokitafuta.

Chuoni hapakuwa na aliyekuwa na nafasi ya kuandika "Kampasi" kwa kirefu. Kwenye majalada, kwenye bahasha na kwenye milango iliandikwa K1, K2, K3, K4. Bi Posta akiona K3 tu, miguu yake ilikuwa tayari inaelekea mtoni.

Kilichokuwa ndani ya bahasha hakikumhusu. Aliona ni kama chumba cha kulala cha watu: unabisha, unakabidhi, unarudi. Alichokiamini ni daftari lake gumu lenye mistari, ambamo aliandika tarehe, idadi ya barua, mahali zinapokwenda, na aliyepokea akatia saini.

Ndilo alilolifungua sasa, pale nje ya Ofisi ya Mipango, amelipakata magotini kwenye benchi la wageni. Mwezi wa tatu. Alipitisha kidole. Tarehe kumi na mbili: *Kutoka Mipango. Barua 41. Wakazi, K4.* Mwandiko ulikuwa wake. Pembeni palikuwa na saini ya karani wa masijala ya Kampasi ya Nne, ile yenye mkia mrefu.

Mtaa wao ulikuwa na nyumba arobaini na moja.

Alirudi ndani bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi yoyote.

"Mwanangu, K4 ni nini?"

"K4 ipi, mama?"

"Ile mliyoandika kwenye barua za wakazi."

"Ah! Kiwanja namba nne. Ndivyo mtaa ule ulivyo kwenye ramani ya mji."

* * *

Kutoka kilimani hadi Kampasi ya Nne ni mwendo wa dakika arobaini kwa baiskeli. Siku hiyo hakujua alifikaje. Alikuja kujiona yuko mbele ya dirisha la masijala, jasho linamchuruzika, na karani mnene mcheshi anamsogezea kiti.

"Bi Posta! Umefukuzwa na mbwa?"

"Mama, mwezi wa tatu nilikuletea barua arobaini na moja. Za wakazi. Ziko wapi?"

"Zipo!" Karani alisema kwa fahari. "Mimi na kupoteza barua wapi na wapi? Si za wale watakaokaa bweni jipya? Kila moja ina namba yake, Na. 1, Na. 2, vyumba hivyo. Nikajua ni za kuwakaribisha. Bweni halijafunguliwa, mafundi wa maji wanatuzungusha. Nimezitunza." Aliinama chini ya meza, akatoa boksi la karatasi, akapangusa vumbi kwa kiganja.

Zilikuwa zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa uzi. Hakuna iliyokunjika hata pembe. Bi Posta aliupitisha mkono juu yake mpaka akafika Na. 23. Na. 23 ilikuwa nyumba yake. Mwezi ule wa tatu namba hiyo ilipita mikononi mwake, naye akaitia kikapuni akaendesha.

"Mbona unalia?" Karani aliuliza, na ucheshi wote ukamtoka. "Bi Posta? Nani amekufa?"

"Niandikie hapa kwamba umenirudishia hii moja."

"Moja?"

"Hii ni yangu. Nyingine si zangu kufungua."

Karani alitia saini. Bi Posta alifungua bahasha kwa pini ya kitambaa chake cha kichwani, taratibu, asiichane. Ilikuwa karatasi moja. *Mkazi unafahamishwa… upanuzi wa chuo… utahamishwa… ikiwa una pingamizi, uliwasilishe ndani ya siku tisini tangu tarehe ya barua hii. Ukimya utahesabiwa kuwa ni ridhaa.*

Aliisoma sentensi ya mwisho mara tatu. Nyumba arobaini na moja zilikuwa zimekaa kimya miezi minne, na ukimya huo alikuwa ameuleta yeye kwa baiskeli, akauandika daftarini.

* * *

Naibu Msajili alimpokea vizuri. Alimkalisha, akamwagizia maji, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Bi Posta alipomaliza, yule bwana aliligeuza daftari, akausoma mstari ule, akatabasamu.

"Sasa mama yangu, tatizo liko wapi? Hapa imeandikwa barua zilitoka, zikapokelewa. Saini hii hapa."

"Zilipokelewa pasipo penyewe, mzee."

"Daftari halisemi hivyo. Daftari linasema K4." Alilifunga taratibu. "Na mimi nakushauri kama mwanao. Una miezi saba ustaafu. Tumeshakuandalia sherehe, mkuu wa chuo mwenyewe atakupa cheti. Ukisimama kusema umekosea, kosa hilo ni la nani? La Mipango? La karani? Wewe ndiye uliyezibeba."

"Ni langu," Bi Posta alisema. "Ndilo nililokuja kusema."

"Basi umeshaniambia. Nimesikia. Liache daftari hapa, nitalitunza."

Bi Posta alimtazama usoni. Bwana huyu alikuja chuoni akiwa mwanafunzi mwembamba wa mwaka wa kwanza. Barua ya kukubaliwa kwake ilipita ndani ya ule mkoba wa kitambaa. Siku zote alimwona mtu mpole. Hata sasa sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomtia baridi hadi kwenye mifupa.

"Daftari linatembea na mimi, mzee," alisema, akalichukua mezani. "Kuna barua za saa nane."

* * *

Alikaa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mshonaji ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Wajane wawili katika nyumba moja, na kelele zao zilitosha familia ya watu kumi. Jioni hiyo wifi alimsikia akiegemeza baiskeli, akaanza hata kabla hajaingia.

"Haya, chuo chako leo kimefundisha nini?"

Jibu la kila siku lilikuwa "kimefundisha miguu kuuma," nao hucheka. Leo Bi Posta aliweka barua juu ya cherehani. Wifi aliisoma akiwa amesimama, sindano mdomoni. Aliitoa sindano.

"Haki ya Mungu hawa watu wana wazimu. Miezi minne! Wametuandikia wakakaa nazo! Ni shetani gani mwenye roho hiyo?"

"Ni mimi, wifi."

Akamweleza. Cherehani, ambayo haikuwahi kunyamaza jioni, ilinyamaza. Wifi alikaa chini kwenye mkeka, miguu mbele kama mtoto, mdomo wazi. Bi Posta alingojea matusi, maana angalau hayo aliyazoea. Hayakuja.

"Kaka yangu alijenga ukuta huu kwa mikono yake," wifi alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Umemwambia nani?"

"Naibu Msajili. Anataka ninyamaze."

"Na Mungu anasemaje? Maana nyinyi wawili huongea kila alfajiri, ukuta wenyewe ni mwembamba, nasikia."

"Sijapata kumuuliza. Naogopa, maana najua jibu."

Wifi alijipangusa macho kwa kitambaa cha mteja. "Wewe nenda ukaseme," alisema. "Lakini wifi yangu, sikiliza. Usiwaambie majirani kwamba ni wewe. Sema chuo. Chuo ni kikubwa, kitabeba. Wewe watakutafuna."

* * *

Siku ya Alhamisi, chumba cha Baraza kilikuwa kimepambwa kwa maua, na chuo cha kadibodi kilikuwa katikati ya meza, gundi imekauka. Kazi ya Bi Posta ilikuwa kuweka jalada mbele ya kila kiti na kusimama karibu na mlango kama kungekuwa na la kutumwa. Aliweka majalada kumi na tisa.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa bibi mmoja jaji mstaafu, mfupi, mwenye kawaida ya kugonga meza kwa kalamu. Walisifu maabara kumi na mbili. Profesa wa maji alieleza, machozi yakikaribia kumtoka, jinsi kituo kile kitakavyosafisha visima vya watu maskini nchi nzima, na Bi Posta, pale mlangoni, aliona ni kweli na ni jambo jema, na moyo ukamuuma zaidi. Kisha kalamu ikagonga.

"Wakazi waliarifiwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Naibu Msajili. "Barua arobaini na moja zilitumwa, zikapokelewa na kusainiwa. Hakuna pingamizi."

"Hata moja? Mimi watu wangu wakihamishiwa choo tu wanapinga." Watu walicheka. "Haya, tuendelee."

"Hazikupokelewa."

Vichwa vyote viligeuka. Bi Posta mwenyewe karibu ageuke aone nani amesema.

"Huyu ni nani?" Jaji aliuliza.

"Ni tarishi wetu, Mwenyekiti, naomba radhi, amechoka…"

"Sikukuuliza kama amechoka. Mama, njoo hapa. Sema."

Alikwenda. Zulia lilikuwa nene, akahisi kama anatembea juu ya magodoro. Alilifungua daftari mbele ya jaji, akaweka kidole.

"Waliandika K4. Kwao ni kiwanja. Kwangu K4 ni Kampasi ya Nne, ndivyo ninavyoijua miaka yote. Nikazipeleka huko. Ziko ndani ya boksi hadi leo, hazijafunguliwa, ila yangu, maana na mimi ni mkazi. Watu wa mtaani hawakukubali, mheshimiwa. Hawakuambiwa. Aliyekosea ni mimi."

Mchoraji wa Mipango aliyekuwa amesimama ukutani alijishika kichwa. Jaji alisoma mstari ule, akavua miwani, akamgeukia Naibu Msajili.

"Wewe ulikuwa unajua hili?"

Yule bwana alitazama daftari. "Tangu Jumatatu," alisema.

Kalamu iligonga meza mara moja tu, ikavunjika.

"Siku tisini zinaanza upya," jaji alisema. "Zitahesabiwa tangu siku mkazi wa mwisho atakapoweka saini yake. Na barua zipelekwe mkono kwa mkono, zifike milangoni." Akamgeukia Bi Posta. "Mama, kwa kosa hili utapata barua ya onyo. Itaingia kwenye jalada lako, na ile sherehe siwezi kukuahidi."

"Nitaisaini, mheshimiwa."

"Nani anaweza kuzipeleka zile arobaini?"

Watu walitazamana. Katika chuo cha watu elfu ishirini na tisa, hapakuwa na mwingine.

* * *

Ijumaa asubuhi alianza na nyumba ya kwanza mtaani, kwa fundi viatu. Zamani huyu alikuwa mkata ngozi katika kile kiwanda, kabla hakijafungwa na kununuliwa. Sasa alishona viatu barazani kwake. Alipomwona na boksi, alitabasamu.

"Bi Posta! Leo sisi nasi tumekuwa maprofesa, tunaletewa barua?"

Njia nzima maneno ya wifi yalikuwa yakimzunguka kichwani. Sema chuo. Yalikuwa yamekwisha kumfika mdomoni, mepesi kabisa. Alishusha boksi chini.

"Fundi, kabla hujaipokea, nina neno," alisema. Akalisema lote, bila kuruka hata jina lake.

Fundi alibaki na nyundo hewani. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kwanza hakuamini, halafu akaamini. Alifungua barua. Alipofika mwisho aliisoma kwa sauti: "'Ukimya utahesabiwa kuwa ni ridhaa.'" Akaiweka juu ya kiatu cha mtu.

"Kwanza chuo kimekula kazi yangu," alisema. "Sasa kinataka na kitanda. Na wewe ndiye uliyekifunga kinywa changu."

"Ndiyo mimi."

"Miezi minne, Bi Posta! Tunapita hapa, tunasalimiana, unanipa kandambili nikushonee!"

"Sikujua, fundi. Lakini ni mimi."

Alisimama, akaingia ndani, akaufunga mlango. Bi Posta alibaki barazani na daftari wazi, mstari wa kwanza hauna saini. Hakujua kama aondoke au angoje. Midomo yake ilikuwa ikisali bila sauti.

Mlango ulifunguliwa. Fundi alikuwa amevaa shati la kutokea na viatu vyake vyeusi.

"Lete kalamu," alisema, akatia saini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. "Nyumba ya pili ni ya yule mama wa maneno, atakumwagia maji. Twende wote. Wewe sema la kwako, mimi nitasema la kupinga."

Lakini mama wa nyumba ya pili alikuwa tayari amesimama kizingitini. Kutoka barazani kwa fundi hadi kwake ni hatua kumi, na masikio yake hayakuwa na kasoro. Hakumwaga maji. Alinyoosha mkono bila kumtazama Bi Posta, akapokea barua, akatia saini, akamrudishia daftari fundi, si Bi Posta. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta.

"Mwambie," alimwambia fundi, na Bi Posta amesimama pale pale, "mwambie ya tatu wako kazini, watarudi saa kumi. Aanze na ya nne."

Fundi aliligeukia boksi, akalibeba yeye. Bi Posta akashika daftari, wakaenda ya nne.